Harusi ya Rahman

Jumapili ile, kabla hata adhana ya adhuhuri haijasikika, kichochoro chetu kizima cha Rainawari, huku Kashmir, kilikwisha jua kwamba Shaista, binti wa Asadullah mwoka mikate, anaolewa. Waliokuwa hawana habari ni mama yake, Hajra, aliyekuwa sokoni anagombana na mwuza mboga, baba yake, aliyekuwa msikitini, na bibi harusi mwenyewe.

Shaista alikuwa ghorofani, juu ya tanuri la baba yake, katika chumba cha Chama cha Sauti za Vyeth, yaani mto wetu. Jina ni kubwa, lakini chama chenyewe ni watu saba wa kujitolea, kabati mbili, kompyuta moja ya zamani na kinasa sauti kinachoenea kiganjani. Asadullah aliwapa chumba bure kwa sababu joto la tanuri hukausha hewa na makaratasi hayaozi. Humo wanaweka vitu ambavyo sisi wengine tungeviwashia moto wa chai: karatasi za mafumbo za wafuma shali, barua za mababu, bembelezi za watoto, majina ya vipande vya mashua. Watafiti wa vyuo wanapanda ngazi zilizojaa unga, wanasoma, wanauliza, wanashuka na magoti meupe. Halipwi mtu hata senti. Mwenyekiti ni Mzee Omkar Nath, karani mstaafu wa maktaba, na katibu ni Shaista, ambaye siku za kazi anafundisha darasa la nne.

Kazi ya Jumapili ile ilikuwa ya haraka. Bibi Mukhta, mama yake Asadullah, alikuwa na nyimbo za harusi kichwani, mlolongo mzima, tangu usiku wa hina mpaka bibi harusi anapotolewa nje ya mlango. Hapa mjini hajabaki mwingine anayezijua zote kwa mpangilio wake. Na Alhamisi madaktari walikuwa wampasue uvimbe wa shingoni. Daktari hakuficha: uvimbe umekaa pabaya, sauti inaweza isirudi. Kwa hiyo ilikuwa ni Jumapili au basi tena.

Bibi alitoa masharti. Kwanza, mbegu za izband, zile zinazofukizwa harusini, zitupwe kwenye makaa, kwa sababu nyimbo zile bila ule moshi ni sawa na kuimba uchi. Pili, dirisha liachwe wazi, kwa kuwa wimbo wa harusi si siri ya kufungiwa ndani. Mzee Omkar alilalamika kuhusu kunguru na pikipiki, akajaribu kueleza mambo ya sauti safi. Bibi alimwacha amalize, kisha akalifungua dirisha kwa mkono wake mwenyewe.

Nyimbo zetu hizo huimbwa na safu mbili za wanawake walioshikana mabega. Safu moja inatupa mstari, nyingine inaudaka. Bibi hakuwa na safu ya pili. Shaista alijaribu kudaka, akadaka hewa. Basi Bibi akawa anaimba peke yake na kuacha nafasi, kama mtu anayezungumza na chumba kitupu. Kwenye wimbo wa tatu, kutoka dirisha la ng'ambo, Raja mke wa fundi cherehani akadaka mstari. Halafu akadaka mwingine kutoka darini. Punde madirisha matano yakawa yanajibu. Wanawake walikuwa wameunusa moshi wa izband na kuisikia ile sauti, na sijui mwanamke wa Kashmir ambaye akiyapata hayo mawili kwa pamoja anaweza kuendelea kuosha vyombo.

Shaista alielewa palepale. Wanadhani kuna harusi. Angeweza kutoa kichwa nje akasema ni kazi ya chama tu, jamani, msijisumbue. Hakutoa. Maishani mwake alikuwa hajawahi kuzisikia zile nyimbo zikiwa nzima, na Mzee Omkar alikuwa ameshika visikizi vya masikioni kwa mikono miwili, machozi yanamshuka. Akaacha mambo yaendelee. Hilo ndilo kosa lake, na tangu siku hiyo hajawahi kulikana.

Sasa, kila wimbo katika hizo una pengo la jina la bwana harusi. Bibi alilijaza. Rahman amefika langoni, Rahman amekuja na mvua ya maua, mfungulieni Rahman. Aliimba hivyo saa mbili nzima. Kichochoro kizima kinajua kwamba Shaista amechumbiwa na Muzamil, mtoto wa Haji Mehraj mfanyabiashara wa shali, kule ng'ambo ya daraja. Huyu Rahman katoka wapi? Hakuna aliyeuliza wakati ule. Waliimba, na mwisho wakarusha lozi na vipande vya sukari kupitia dirishani. Kimoja kilimpiga Mzee Omkar kwenye upara, na mpaka leo ukisikiliza kwa makini utakisikia kwenye ule mkanda.

*

Jumatatu alfajiri foleni ya mikate dukani kwa Asadullah ilikuwa ndefu kuliko siku ya Idi. Watu walinunua mkate mmoja mmoja ili wapate sababu ya kurudi. Walimpongeza, wakamlaumu kwa kutowaalika, wakamwuliza kwa upole bwana harusi mpya anafanya kazi gani. Asadullah, mtu wa maneno machache, alieleza kwamba ilikuwa ni kumrekodi mama yake kwa ajili ya utafiti. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutabasamu. Mmoja alitaka kujua kama ni yule Rahman wa mitungi ya gesi. Maskini Rahman wa gesi, ana mke na watoto wanne, wiki nzima hakuthubutu kupita kwetu na mkokoteni wake.

Kufikia saa nne habari ilikuwa imevuka daraja. Saa sita mshenga Subhan akaingia dukani, mwavuli kwapani na uso umeshuka. Alikaa kwenye gunia la unga, akasema amefanikisha ndoa zaidi ya mia mbili katika mji huu, ameona bwana harusi akitoroka kwa mlango wa jikoni, ameona mabibi harusi wawili wakibadilishana nyumba kwa kosa la dereva, lakini jambo kama hili hajaliona. Nyumbani kwa Haji wanangoja maelezo, tena leo.

Asadullah alioka trei ya mikate ya bakarkhani kwa mkono wake, akaifunga kitambaa safi, akavaa pherani ya Ijumaa, lile joho letu refu la baridi, akaenda. Walimkalisha chumba cha mbele, pale wanapongojea wapagazi wa mizigo ya shali. Alikaa nusu saa akitazama ukuta. Kisha chai ya chumvi ililetwa, na kando yake mkate. Aliutazama tu akajua umetoka tanuri gani. Ulikuwa mkate wa mwoka mwingine, wa mtaa wa pili. Trei yake, kitambaa kikiwa bado na fundo lake, ilirudishwa mapajani pake na mtumishi ambaye hakumtazama usoni.

Naseema, mke wa Haji, alizungumza akiwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti. Alisema kesho watakuja Rainawari. Huo mkanda ufutwe mbele ya macho yake, na msichana aachane na hicho chama cha juu ya tanuri, kwa sababu hataki nyimbo za harusi ya mwanawe ziwe zimekwisha imbwa kwa jina la mwanamume mwingine. Yakifanyika hayo, wataendelea walipofikia. Yasipofanyika, mshenga atakuja kuchukua vitu vyao vya uchumba.

Asadullah alirudi kwa miguu, trei kichwani. Alisema baadaye kwamba kilichomuuma si maneno. Miaka arobaini anawalisha watu wa mji huu na hajawahi kurudishiwa mkate.

*

Kabla ya magharibi Hajra alikuwa amepata njia. Hajra ni mwanamke wa akili kali ya mambo ya nyumbani, na usiku wa Jumapili hakulala hata kidogo. Alikuwa amemdodosa Mzee Omkar akagundua desturi ya chama: kitu kikirekodiwa, hakilali kabla hakijatolewa nakala tatu. Ya kwanza inabaki kwenye kompyuta. Ya pili huenda kwa dada yake Omkar kule Jammu. Ya tatu safari hii ilikuwa imetumwa Delhi kwa mtafiti mmoja mwanamke aliyekuwa akiisubiri kwa ajili ya tasnifu yake.

"Basi tatizo liko wapi?" Hajra alimwambia binti yake. "Kesho bonyeza hicho kidude mbele yao. Lia kidogo. Sauti ya bibi yako iko salama, na wewe una nyumba yako. Nani atajua?"

Asadullah alinyamaza, na kunyamaza kwake nyumbani mwake ni sawa na kukubali. Mzee Omkar, alipoulizwa, alisema hawezi kusema uongo uzeeni, ila anahisi mafua yanamjia na pengine kesho hatatoka nyumbani. Bibi Mukhta aliendelea kubangua jozi zake kana kwamba wanazungumzia mtu mwingine.

 Shaista alimpenda Muzamil, tuseme ukweli. Walikuwa wameonana mara nne tu mbele ya watu, na simu za kuibia haziwezi kuhesabika. Kijana alikuwa mpole, mcheshi, na alikuwa mtu wa kwanza nje ya chama kumwuliza zile karatasi za wafuma shali zinasomwaje badala ya kumwuliza zina faida gani. Kumpoteza kwa ajili ya kubonyeza kitufe lilikuwa jambo la kijinga, na yeye hakuwa mjinga. Alipanda ghorofani, akakaa na kinasa sauti mapajani mpaka Hajra alipomwita ale.

*

Walifika Jumanne baada ya swala ya alasiri: Haji Mehraj, Naseema, Muzamil na mshenga. Madirisha ya kichochoro yote yalikuwa wazi, na baridi ile. Wageni walikaa, chai ikamiminwa, haikuguswa. Naseema alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mukhta.

"Bibi, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini niambie. Rahman ni nani?"

"Mume wangu," Bibi akasema.

 Hata Asadullah alimtazama mama yake upya. Jina la baba yake alilijua, lakini hakuwaza kwamba marehemu angeimbiwa harusi: alifariki miaka thelathini na moja iliyopita, wakati wake wengi wa kichochoro walikuwa bado hawajaletwa huku kuolewa, ndiyo maana nao hawakulitambua.

"Niliolewa mwaka wa vita," Bibi akaendelea, taratibu, mkono shingoni kwenye ule uvimbe. "Amri ya kutotoka nje. Nilivushwa barabara mchana na wajomba wawili, kama kuku aliyefichwa kwenye pherani. Hakuna aliyeimba. Izband tuliogopa kuchoma, askari wasije wakaona moshi. Rahman alikuwa akinitania kila mwaka kwamba hajaoa bado, kwa sababu hajaimbiwa. Mimi nimewaimbia mabibi harusi wa mtaa huu wote, mwanangu. Sauti hii Alhamisi inaondoka. Nikasema kabla haijaondoka nimwimbie na yeye. Mjukuu wangu hakujua. Mniwie radhi."

Haji Mehraj alitazama zulia. Naseema macho yalimlowa, na hakuyaficha, lakini ni mwanamke anayeendesha nyumba ya watu kumi na sita na hajazoea kurudi nyuma kwenye neno lake. Alisema Mungu amrehemu mzee Rahman. Alisema hata hivyo mji una midomo, na midomo hiyo haitakuja hapa kusikia maelezo. Ufutwe, yaishe.

Hajra alimsukumia binti yake kile kinasa sauti, na alipokuwa akikiweka akamfinya paja. Shaista alikishika. Watu wote walikuwa wanatazama kidole chake gumba.

"Mama Naseema," akasema, "nikibonyeza hapa, itafutika hapa tu. Ziko nakala nyingine tatu."

Hajra alifumba macho.

"Ningeweza kunyamaza," Shaista akaendelea. "Mngeondoka mmefurahi. Lakini mimi ndiye ningekuja kukaa nyumbani kwako, nikuangalie kila asubuhi nikijua nilikudanganya kabla hata sijaingia, na sauti ya bibi yangu nikaisikilize kwa kujificha kama mwizi. Hilo siliwezi."

"Basi zifute zote."

"Hapana, mama. Nyingine si zangu, na hii yangu siifuti. Kosa langu lipo: niliona majirani wamekosea nikanyamaza, kwa kuwa waliimba vizuri. Kwa hilo nakuomba radhi hapa, na kesho nitapita nyumba moja baada ya nyingine nikawaambie. Kuacha chama, siachi."

 Haji alisimama. Naseema akasimama, akajifunga shali yake. Mshenga Subhan aliacha kikombe kimejaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Muzamil aliinama mbele ya Bibi Mukhta, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, kisha akawafuata wazazi wake.

Hajra alilia jikoni mpaka sufuria ya mboga ikaungua.

*

Jumatano Shaista alipita nyumba kumi na moja. Kuna aliyemkaribisha kwa huruma iliyouma kuliko tusi. Kuna aliyemwuliza kama marehemu ameleta mahari. Raja alimfungia mlango kwa kuona ametiwa aibu ya kuimba harusi ya hewa, kisha akaufungua tena akauliza kama ni kweli sauti yake imeingia kwenye hicho chombo, na kama anaweza kuisikia. Shaista alimwambia aje Ijumaa.

Alhamisi Bibi alipasuliwa. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaondoka nayo, kama daktari alivyosema. Kilichobaki ni mnong'ono wa kusogelewa. Theluji ilianguka, maji yakaganda mabombani, na kutoka ng'ambo ya daraja halikuja neno. Mshenga hakuja kuchukua vitu, wala hakuja na salamu. Simu za Muzamil zilikuwa fupi: mama hataki kulizungumza, naye amemwambia akitaka bibi harusi mwingine atafute na bwana harusi mwingine. Shaista alimwambia asimgombeze mama yake. Akikata simu alikuwa analia, kisha ananawa uso na kwenda kufundisha.

Lakini Ijumaa ya kwanza Raja alikuja na wenzake wawili. Ya pili walikuwa sita. Walikaa katika chumba cha juu ya tanuri, vyungu vya makaa chini ya pherani, wakajisikiliza, wakacheka, wakabishana nani alikosea wapi. Bibi Mukhta, kidonda kilipopona, alikaa katikati akiwarekebisha kwa kidole. Katikati ya majira ya baridi walikuwa wamekwisha shika nyimbo thelathini, na yule mtafiti wa Delhi aliandika kwamba mwezi wa nne anakuja kuketi nao.

Mwishoni mwa mwezi wa pili mshenga akajitokeza. Alizungukazunguka, akasifu mkate, akasema baridi ya mwaka huu si ya kawaida, ndipo akatoa lililomleta. Naseema ana shida. Kuna harusi ya mpwa wake mwezi wa tano. Mama mkwe wake, aliyekuwa akizijua nyimbo, amefariki, na dada zake wanajua mistari mitatu ya mwanzo, baada ya hapo wanaingiza nyimbo za sinema. Nyumba kama ile haiwezi kupokea bibi harusi kwa nyimbo za sinema. Anaomba nakala, kimyakimya. Yeye Subhan ataitia mfukoni.

Hajra aliwaka. Yaani wimbo uliomvunjia binti yangu uchumba ukamwozeshe mtoto wa watu? Asadullah alikata donge la unga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Walimtazama Shaista.

Shaista akasema nyimbo zile ni za kila mtu, chama kipo kwa kazi hiyo hiyo, Mama Naseema atapewa kama wengine. Mzee Omkar aliongeza, naye ni mtu wa kanuni, kwamba nakala haitoki bila mwombaji kuja mwenyewe na kujaza kitabu: jina, makazi, sababu. Maprofesa wamejaza. Mshenga alimwuliza kama anamtuma akauawe na Naseema.

Naseema alikuja Ijumaa iliyofuata. Alipanda zile ngazi polepole, na alipofika juu pindo la shali yake lilikuwa jeupe kwa unga. Wanawake waliokuwa wakiimba walimpisha njia. Alimsalimu Bibi Mukhta kwanza, akainama karibu sana ili ausikie mnong'ono wake, na walichoambizana wanakijua wao. Kisha akaketi mbele ya Mzee Omkar. Shaista alikuwa amegeuka kabatini akitafuta nakala.

Aliandika jina. Aliandika makazi. Penye sababu kalamu ikasimama.

"Ni lazima?"

"Ni lazima, mama," Mzee Omkar akasema.

Aliandika kwa muda. Mzee Omkar macho yamechoka, na ana tabia ya kusoma kwa sauti ili ahakikishe. Alikisogeza kitabu puani akasoma kama anavyowasomea wote: Naseema, mke wa Haji Mehraj, Nawa Kadal. Sababu, kumpokea mke wa mwanangu Muzamil.

Chini dukani Asadullah alisikia wanawake wote juu wamevuta pumzi kwa mkupuo, akadhani kuna aliyeanguka. Mzee Omkar peke yake hakushtuka. Aliweka kidole kwenye mstari.

"Mke yupi? Kitabu kinataka jina."

Naseema hakuinua kichwa. Alikuwa akikung'uta unga kwenye shali yake.

"Huyo hapo," akasema, "anayenitafutia nakala."

Mzee Omkar akachukua kalamu, akaandika jina la katibu wake.